Matangazo Yasiyoitwa Katika Kompyuta ya Afisi, na Namna Tulivyoyang'oa



Wengi wenu mmesikia khabari ya kompyuta ya afisi yetu, na kila aliyeisikia ameisikia kwa namna yake. Wako waliosema imeingiliwa na wezi wa mbali, wako waliosema daftari la mikopo limefutika, na wako waliosema maneno mengine ambayo hayafai kupigwa chapa katika gazeti hili. Katika mkutano wa mwisho tuliahidi kuieleza khabari hii kwa maandishi, tangu mwanzo wake mpaka mwisho, na leo twatimiza ahadi. Daftari ni lenu, nanyi mna haki ya kujua lilivyopata kuwa katika khatari. Tena, kila tunapokwenda majumbani kwa wanachama twaona simu na kompyuta za watoto wenu zina maradhi yale yale, na mwenyewe amekwisha kata tamaa akidhani vyombo hivi ndivyo vilivyo.

Jambo lenyewe lilianza tulipokuwa tukitayarisha msimu. Siku hizo afisi haina nafasi: huyu ataka majamvi, yule ataka magunia, wa tatu ataka mkopo wa kuwalipa wachumaji, maana mchumaji hangoji, akishapima pishi zake jioni ataka fedha yake jioni ile ile. Yote hayo yamo katika kompyuta: jina la mwanachama, shamba lake, idadi ya mikarafuu yake, alichoazima na anachodaiwa. Asubuhi moja tulipoifungua tuliona pembeni mwa kioo, upande wa kulia chini, kijidirisha chatwambia tumeshinda simu mpya. Tukakifunga. Kikaja kingine cha kamari. Tukakifunga. Kufika adhuhuri vilikuwa vikija vitatu vitatu, na kila ukurasa wa intaneti tuliofungua, hata ule wa khabari za mvua tunaoutazama wakati wa kuanika, ulikuwa na matangazo yaliyoshindiliwa katikati ya maneno yake.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja, mwanachama wa zamani, pamoja na mjukuu wake wa kike, kuuliza baki ya mkopo wake. Tulipokuwa tukilitafuta jina lake likaruka dirisha likafunika kioo kizima, na ndani yake picha ya mwanamke ambayo hatutaieleza hapa. Mzee alimgeuza mtoto uso kwa mkono wake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu Katibu, daftari letu mnaliweka humu?" Tukasema, "Mzee wangu, tuwie radhi, hili halikutoka kwetu." Akatuangalia, akamshika mtoto mkono akatoka, na hesabu yake hakuingoja.

Neno lile lilituuma kuliko picha. Na tuliposema kuwa halikutoka kwetu hatukusema uwongo kwa kukusudia, lakini haikuwa kweli, kama mtakavyoona.

MATANGAZO HAYA YATOKA WAPI

Tangazo si kitu kibaya kwa asili yake. Redio yatutangazia vifo na vitu vya kuuzwa, na gazeti letu hili halikatai tangazo la mwenye majamvi mazuri. Lakini tangazo la gazeti hukaa mahali pake, nawe waweza kulipindua jani ukaendelea. Tangazo la picha lililotokea tarehe 27 Oktoba 1994 katika HotWired, gazeti la intaneti la Marekani, ambalo ni miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa, nalo lilikaa mahali pake. Dirisha lenye kuruka lilizaliwa baadaye kidogo. Bwana Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, alieleza mwaka 2014 katika gazeti la The Atlantic jinsi alivyoandika kwa mkono wake maagizo ya kufungua dirisha la pili na kutia tangazo ndani yake. Kampuni moja ya magari ilikuwa imeliona tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wa mambo ya aibu, ikakasirika, ndipo ikatafutwa njia ya kuliweka tangazo mbali na ukurasa. Katika maandishi hayo Bwana Zuckerman aliomba radhi. Twampokelea, ijapokuwa maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Kisha wakaja wasiongoja hata uende kwenye ukurasa wao. Programu iliyoitwa Gator ilitolewa bure, na kazi yake njema ilikuwa kukumbuka maneno ya siri ya mwenye kompyuta na kumjazia fomu. Ilipokwisha ingia ilifungua matangazo yake juu ya kurasa za watu wengine. Mwezi wa Juni 2002 wenye magazeti makubwa ya Marekani, Washington Post na New York Times wakiwamo, waliishitaki kampuni hiyo, na mwaka 2003 wakapatana bila ya hukumu. Mtu angedhani kuwa anayenunua kompyuta mpya dukani amesalimika na mambo hayo. La. Mwaka 2014 kompyuta nyingi za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya Superfish ndani yake tangu kiwandani, nayo ilitia matangazo katika kurasa za mnunuzi. Ubaya mkubwa zaidi ni kuwa ili ipate kufanya hivyo ilivunja ile kufuli ya siri inayolinda mazungumzo baina ya mtu na benki yake. Khabari zilipofichuka Februari 2015 kampuni ikatoa chombo cha kuiondoa programu ile, na mwaka 2017 ilipatana na serikali ya Marekani juu ya shauri hilo.

Wenye programu za kufungulia intaneti, ambazo siku hizi twaziita vivinjari, hawakukaa kimya. Wengine walitangulia, na mwaka 2004 Microsoft nao wakatia kizuizi cha madirisha katika kivinjari chao cha Windows XP. Madirisha yakapungua. Basi wale waliokuwa wakiishi kwa matangazo wakatafuta mlango mwingine, wakaupata. Tangu mwaka 2015 kivinjari cha Chrome chaziruhusu tovuti kumletea mtu arifa hata baada ya kuziacha, maadamu mwenyewe amekubali. Jambo hili ni jema kwa mwenye kungojea barua au khabari. Lakini kukubali kwenyewe ni kubonyeza neno moja tu, RUHUSU, na watu hufanyiwa kila hila walibonyeze: utaambiwa ubonyeze ili video ifunguke, au ili uthibitishe kuwa wewe si roboti. Hakuna tovuti ambayo yahitaji kukuletea arifa ndipo ijue kuwa u binadamu.

Na faida yao ni nini? Mwenye programu ya bure hulipwa kidogo kwa kila kompyuta ambayo programu ya mwenzake imeingizwa pamoja na yake, na mwenye tangazo hulipa kidogo kwa kila linapoonekana au kubonyezwa. Ni senti, lakini senti kwa kompyuta milioni ni mali. Mtu wa namna hii hana haja ya kukujua wewe wala Pemba yako. Ataka kioo chako tu.

ALIYEFUNGUA MLANGO

Sasa twarudi afisini. Wiki moja kabla ya mambo haya tulikuwa na tangazo la mkutano lililoandikwa katika faili la PDF, tukataka kulisahihisha. Sisi wenyewe, Katibu wenu, tulitafuta katika intaneti programu ya bure ya kuligeuza, tukabonyeza jibu la kwanza lililotokea, ambalo nalo lilikuwa tangazo lililolipiwa, na tukaipakua. Ilipokuwa yaingia iliuliza maswali manne au matano, na kwa kila swali tulibonyeza "Endelea" bila ya kusoma. Tungalisoma tungaliona kuwa katika swali la tatu twaulizwa kama twakubali kuingiziwa "msaidizi wa kutafuta", na alama ya kukubali ilikuwa imekwisha tiwa kabla hatujafika. Tumewasomesha wanachama mara nyingi wasitie saini mkataba wa kukodisha shamba kabla ya kuusoma, nasi tukatia saini minne mfululizo asubuhi moja.

Kumbe faili lile halikuhitaji programu yo yote. Programu ya Word tuliyo nayo yaweza kulifungua faili la PDF, kama ziwezavyo zile zilizotoka tangu mwaka 2013.

Mlango wa pili aliufungua karani wetu, naye ametupa ruhusa kulisema. Usiku mmoja alibaki afisini kutazama mpira katika tovuti ya bure, ikamwambia abonyeze RUHUSU ndipo mchezo uonekane. Mchezo haukuonekana.

MAKOSA YETU KATIKA KUTAFUTA DAWA

Yafaa mjue na makosa tuliyofanya baadaye, maana yangaliweza kututia khasara kuliko maradhi yenyewe.

Kwanza lilitokea dirisha jekundu lenye sauti ya king'ora, na alama ya kampuni kubwa, likisema kuwa kompyuta ina virusi vitano, tusiizime, na tupige simu namba fulani upesi. Karani alikuwa amekwisha shika simu. Twashukuru vocha ilikuwa imekwisha. Dirisha la namna hiyo ni ukurasa wa intaneti tu uliochorwa ufanane na onyo la kweli; ukurasa hauna njia ya kuichunguza kompyuta yako ukajua virusi vyake, na Microsoft hawaweki namba ya simu katika maonyo yao. Anayepokea simu hiyo atakuomba umruhusu aingie katika kompyuta yako, kisha akuuzie dawa ya maradhi yasiyokuwapo. Ikiwa dirisha limefunika kioo chote na halifungiki, shikilia kitufe cha Esc kwa muda, au bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, ufungue orodha ya programu zinazofanya kazi, ukifunge kivinjari kutoka huko. Ukikifungua tena kikakuuliza kama wataka kurudishiwa kurasa za mwanzo, kataa.

Pili, tulinunua "dawa" iliyotangazwa na dirisha mojawapo, kwa Sh. 30,000. Ni kama kumpa mwizi ufunguo akufanyie ulinzi. Ilileta matangazo yake yenyewe. Fedha hizo tumezirudisha katika sanduku la Jumuiya kutoka mfukoni mwetu, na Mshika Fedha ameziandika.

Tatu, fundi mmoja alitushauri kufuta kila kitu kilichomo katika kompyuta na kuanza upya. Hatukatai kuwa iko siku ambapo hiyo ndiyo dawa. Lakini alitaka kufanya hivyo pale pale, na nakala ya daftari iliyokuwa nje ya kompyuta ilikuwa ya miezi minne nyuma. Mikopo yote ya kutayarisha msimu haikuwamo. Alikuwa amekwisha keti kwenye kiti. Tukamwomba anywe kahawa kwanza, na alipokuwa akinywa tukapata akili ya kumwambia arudi kesho.

KAZI YA KUNG'OA

Aliyetufaa ni mwalimu mmoja wa skuli, mtoto wa mwanachama wetu, naye hakutaka ujira. Kabla ya kugusa kitu alinakili daftari na barua zetu katika diski ya nje. Alichukua mafaili ya hesabu na maandishi peke yake, hakuchukua programu hata moja, asije akayachukua maradhi pamoja nayo. Kisha akatuuliza maswali ambayo hakuna aliyetuuliza kabla yake: Matangazo huja wakati gani? Yaja hata kivinjari kikiwa kimefungwa? Yaja katika tovuti zote au moja tu? Yalianza tarehe gani?

Alituambia, "Bwana Katibu, haya ni ndago. Ukikata majani, baada ya siku tatu yamerudi, kwa kuwa viazi vimo chini ya udongo. Tena hapa hapana shina moja tu, ndiyo maana mlikuwa mkikata hili mkidhani mmemaliza." Mwenye shamba ye yote anaijua ndago, basi tukafahamu mara moja.

Shina la kwanza lilikuwa zile arifa za pembeni. Dalili yake ni kuwa hutokea upande wa chini hata ukiwa unaandika barua na huna ukurasa wo wote mbele yako. Huingia katika kivinjari, katika Mipangilio, ukatafuta mahali pa faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Hapo utaona orodha ya tovuti zote zilizoruhusiwa. Katika yetu zilikuwa 14, na kwa Mwenyezi Mungu twaapa tulikuwa twaijua moja tu. Kila usiyoijua uiondoe. Hapo hapo utakuta mahali pa kukataza tovuti zote zisikuulize tena khabari ya arifa. Tulikataza. Kwa dakika tano ile mvua ya vijidirisha ikakatika, na watu wengi hawana maradhi zaidi ya hayo.

Shina la pili ni yale matangazo yaliyoshindiliwa ndani ya kurasa. Haya huletwa na viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyopachikwa katika kivinjari ili kukiongezea kazi. Tulikuta viwili, kimoja ndicho yule "msaidizi wa kutafuta". Mwalimu alituonyesha ruhusa aliyokuwa nayo: kusoma na kubadili kila kitu katika kila tovuti tunayokwenda. Hapo tulikaa kimya. Maana kilichoweza kupachika tangazo katika ukurasa wa khabari za mvua kiliweza pia kusoma tulichoandika katika ukurasa mwingine, neno la siri likiwamo. Hatuna ushahidi kuwa kiliiba kitu, lakini jioni ile ile, kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi, tulibadili maneno ya siri ya barua pepe na ya benki.

Viendelezi vikaondolewa. Kisha akaingia katika orodha ya programu za Windows akaipanga kwa tarehe ya kuingizwa. Siku ile tuliyopakua kigeuza PDF zilikuwa zimeingia programu tatu, na sisi tulikuwa twakumbuka moja. Zote zikaondoka. Ndiyo maana aliuliza tarehe.

Baada ya hapo alileta AdwCleaner, programu ndogo ya bure ambayo tangu mwaka 2016 ni mali ya kampuni ya Malwarebytes, na kazi yake ni kutafuta mabaki ya mambo haya. Aliipakua kwa wenyewe, kwa kuandika anwani yao herufi kwa herufi, hakupita katika matangazo, kwa kuwa wako waigizaji wanaotoa kitu kingine kwa jina lile lile. Kisha akaiendesha kinga ya Windows yenyewe, ambayo tunayo bila ya malipo na tulikuwa hatujui thamani yake, kwa ule uchunguzi unaofanywa kabla Windows haijaamka. Katika kinga hiyo kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakikana, nayo ilikuwa haikuwashwa. Mwisho akakirudisha kivinjari katika hali yake ya mwanzo. Jambo hilo watu huliogopa bure, kwa kuwa halifuti kurasa ulizozihifadhi wala maneno ya siri. Larudisha ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafuta, na kuvizima viendelezi vyote.

Viazi vingine alivitafuta bila ya kuvikuta, lakini twavitaja. Hutazamwa programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Hutazamwa ratiba ya kazi ya Windows, kwa kuwa yaweza kuwa na amri ya kufungua ukurasa fulani kila saa. Na hutazamwa ile alama tunayobonyeza kufungua kivinjari, maana wengine huongeza anwani yao mwishoni mwa maagizo yake, nawe kila ukifungua wakutana nao. Na ikiwa kivinjari cha nyumbani kwako chasema kuwa kinasimamiwa na shirika, na wewe huna shirika, basi mtu amekiwekea amri, na viendelezi vingine vitakataa kuondoka mpaka amri hiyo iondolewe.

Tukashukuru. Kompyuta ikawa safi. Baada ya siku mbili yule "msaidizi wa kutafuta" akarudi.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hata mwalimu alilifikiria usiku kucha. Kivinjari cha afisi kilikuwa kimefunguliwa kwa akaunti ya Google, na akaunti ile ile karani alikuwa ameifungua katika kompyuta ya nyumbani kwao ili apate kumaliza kazi usiku. Akaunti ya namna hiyo husawazisha mambo: kiendelezi kilichomo katika kompyuta moja huletwa katika ya pili kwa nia ya kumfaa mtu. Sisi tulikuwa twasafisha huku, na kule kilikuwa kimelala salama kikirudi kutembea. Kiazi cha ndago kilikuwa katika shamba la jirani. Dawa yake ilikuwa kuzima usawazishaji katika kompyuta zote mbili, kuisafisha kila moja peke yake kwa taratibu ile ile, kufuta mambo yaliyokuwa yamehifadhiwa katika akaunti, kisha kuanza tena. Tangu siku hiyo halijarudi hata moja. Kama umesafisha ukaona yamerejea, jiulize akaunti yako imefunguliwa wapi kwingine.

KWA WENYE SIMU

Wanachama walio wengi hawana kompyuta bali wana simu, na kwa simu kazi ni fupi. Arifa za kivinjari huondolewa kwa njia ile ile tuliyoeleza. Ikiwa tangazo lafunika kioo hata hujafungua kitu, basi liko katika programu uliyoingiza karibuni: mara nyingi ni tochi, saa, au programu ya "kuongeza nguvu za betri". Bonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa wakati ule ule tangazo lilipo, na jina la mwenye tangazo litaonekana. Katika mipangilio ya simu za Android iko pia orodha ya programu zilizoruhusiwa kujitokeza juu ya nyingine. Zisizo na sababu ya kuwamo ziondolewe. Ikiwa simu haikupi nafasi ya kufanya lo lote, iwashwe katika hali salama, ambayo programu ulizoingiza mwenyewe hazifanyi kazi, kisha uiondoe iliyo mbaya. Tochi ya simu imo katika simu yenyewe. Huna haja ya nyingine.

HALI YA AFISI HIVI SASA

Daftari halikupotea, hata mstari mmoja. Kompyuta ilikaa bila ya kazi siku 11, na waliochelewa kupata mikopo kwa ajili hiyo twawaomba radhi. Twajua kuwa wako waliokopa kwa wengine kwa masharti mabaya ili wachumaji wasiondoke, na jambo hilo halina malipo.

Karani sasa ana akaunti yake katika kompyuta, isiyo na mamlaka ya kuingiza programu. Nasi kwa kazi ya kila siku twatumia ya namna hiyo hiyo, na ile yenye mamlaka neno lake la siri liko kwa Mwenyekiti katika bahasha. Ni taabu kidogo kumwendea kila tunapotaka kuongeza kitu, na taabu hiyo ndiyo tuliyoitaka. Tumetia kizuizi cha matangazo, uBlock Origin, katika kivinjari cha Firefox. Chrome za siku hizi hazikipokei tena kile, zapokea ndugu yake mdogo. Walioona haya kutumia vizuizi hivyo wajue kuwa mwezi wa Desemba 2022 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwashauri watu wavitumie, kwa kuwa matapeli walikuwa wakinunua matangazo katika mitambo ya kutafuta na kujifanya kampuni za kweli. Chrome tumeiacha kwa kazi chache, na tumeigeuza maandishi yake kuwa Kiswahili, ili likitokea swali kila mtu afisini aweze kulisoma kabla ya kubonyeza.

Kompyuta yenyewe ni ya Windows 10, na msaada wake wa kawaida kutoka kwa Microsoft ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo litaletwa mbele ya Kamati pamoja na bei, nanyi mtaamua.

Nakala ya daftari hutolewa kila Alkhamisi baada ya saa nane katika diski mbili. Moja hukaa kwa Mshika Fedha, ya pili hufungiwa kabatini, na hakuna inayoachwa imechomekwa katika kompyuta. Aidha, wakati wa msimu, kila mkopo huandikwa kwanza katika daftari la karatasi na mwanachama akatia saini yake au kidole, kama wazee walivyokuwa wakifanya.

Mwanachama mwenye simu au kompyuta yenye maradhi haya ailete afisini Jumamosi asubuhi, saa mbili mpaka saa tano. Mwalimu amekubali kuwapo, na kazi hii haina malipo. Aje nayo ikiwa imetiwa chaji, na akumbuke siku aliyoanza kuyaona.

Yule mzee tulimwendea nyumbani kwake tukiwa na hesabu yake mkononi, imeandikwa kwa wino. Aliisoma yote, akauliza juu ya magunia mawili ambayo hayakuwamo, na alikuwa na haki. Tumeyaongeza.

Katibu